Kutoka chama cha wafanyakazi hadi Kamati ya Maridhiano: kisa cha Mzee Hassan Nassor Moyo

Aprili 2015 CCM Mkoa wa Magharibi, Unguja, kilimvua uanachama Mzee Hassan Nassor Moyo. Huyu alikuwa mjumbe wa Baraza la Mapinduzi la mwaka 1964. Aliwahi kuwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi na pia katika Serikali ya Muungano, na kadi yake ya CCM ilikuwa ya namba za mwanzo kabisa. Alilaumiwa kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja: kusema hadharani kwamba Zanzibar inastahiki mamlaka makubwa zaidi ndani ya Muungano kuliko sera ya chama ya serikali mbili inavyoruhusu, na kupanda jukwaa moja na viongozi wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati ule.

Wakati ule kwenye baraza za mitaani mazungumzo yote yalikuwa ya kufukuzwa kwake. Waliompenda walisema amevunjiwa heshima uzeeni, na wasiompenda walisema amekisaliti chama kilichomlea. Mimi naona pande zote mbili ziliuacha nje mwanzo wa kisa chenyewe. Kabla hajawa waziri, Moyo alikuwa kiongozi wa wafanyakazi. Aliingia kwenye siasa kwa mlango wa chama cha wafanyakazi, na yaliyokifika chama hicho baada ya Mapinduzi yanaeleza mengi kuhusu miaka yake ya madaraka na miaka yake ya mwisho.

Zanzibar haina dhahabu wala shaba. Kuna nchi ambako nguvu ya wafanyakazi ilitoka chini ya ardhi. Afrika Kusini, kwa mfano, chama cha wachimbaji madini kilichoanzishwa mwaka 1982 kilimtoa katibu mkuu wake wa kwanza, Cyril Ramaphosa, na mwaka 2018 akawa rais wa nchi. Kwetu tunachochimba ni mawe na mchanga wa kujengea. Nguvu ya wafanyakazi wa Zanzibar ilitoka gatini, kwa mahamali waliopakia karafuu na kuteremsha mchele, mbao na nguo. Wengi wao walikuwa wametoka Bara na wakiishi Ng'ambo katika vyumba vya kupanga. Asiyepewa kazi asubuhi hakuwa na shamba la kumlisha jioni.

Agosti 1948 mahamali hao waligoma. Mombasa ilikuwa imekwisha kugoma Januari 1947, Dar es Salaam ikafuata Septemba mwaka huohuo, na habari za bandari moja hazikawii kufika bandari nyengine, kwani mabaharia hawafungi midomo. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu na mishahara haikupanda navyo. Ilipofika Septemba mgomo ulikuwa umetoka gatini na kuenea mjini, na kwa siku kadhaa mji ukasimama. Kwa serikali ya kikoloni, iliyozoea kuwahesabu watu wa visiwa hivi kwa makabila, hili lilikuwa jambo geni, maana watu walijipanga kwa kazi zao na wakawa na dai moja. Hamali, mpishi na mtumishi wa ofisini hawakuwa na asili moja, lakini wote walikuwa wakinunua mchele kwa bei moja.

Mgomo wa 1948 ungeweza kuzaa chama kimoja cha wafanyakazi chenye nguvu. Badala yake, miaka kumi baadaye mashirikisho yalikuwa mawili, na hapa ndipo kisa cha Moyo kinapoanza kuwa kizito.

Afro-Shirazi Party (ASP) iliundwa Februari 1957. Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kwanza, na Abeid Amani Karume akaipatia ASP ushindi dhidi ya Ali Muhsin wa chama cha Hizbu (ZNP) katika jimbo la Ng'ambo. Karume naye hakuwa mgeni wa mambo haya, kwani alikuwa baharia na baadaye akawaongoza wenye mashua za kuvusha abiria kati ya meli na pwani. Tangu uchaguzi ule kila kitu Zanzibar kikagawika kwa vyama. Maduka yaligawika, misikiti ikagawika, na hata mazishi na harusi watu walisusiana. Vyama vya wafanyakazi havikunusurika. Upande mmoja kulikuwa na Shirikisho la Wafanyakazi wa Unguja na Pemba, lililojulikana kwa herufi ZPFL, ambalo moyo wake ulikuwa ASP. Hassan Nassor Moyo alikuwa katika uongozi wake wa juu. Upande wa pili kulikuwa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya kimaendeleo, FPTU, lililokuwa karibu na vijana wa mrengo wa kushoto ndani ya Hizbu, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Ahmed Badawi Qullatein. Abdulrahman Babu, kiongozi wa vijana hao, alipotoka Hizbu na kuanzisha Umma Party mwaka 1963, viongozi wa FPTU walikwenda naye.

Kila upande ulikuwa na wafadhili wake nje. ZPFL iliangalia Brussels, yalikokuwa makao ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya nchi za Magharibi, na FPTU iliangalia kambi ya Mashariki. Kwa hivyo kijana aliyeanza kwa kudai nyongeza ya mshahara alijikuta ndani ya ugomvi wa Washington na Moscow kabla hajafika miaka thelathini. Kuna waliopata safari, mafunzo na vitabu kwa njia hiyo, na sidharau faida yake. Ila dai la mshahara lilisukumwa nyuma. Kazi ya gatini ikawa inagombaniwa kwa kadi ya chama, mfanyakazi wa ASP na mfanyakazi wa Hizbu wakishindania zamu ileile, na mwajiri hakuwa na haja ya kuwagawa kwa sababu walikuwa wamekwisha kugawika wenyewe.

Nasisitiza hapa kwa sababu tumezoea kusimulia miaka ile kama hadithi ya uchaguzi peke yake. Hadithi ya uchaguzi tunaijua. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, Hizbu 9 na chama cha tatu, ZPPP, 3. Juni ukarudiwa, na ghasia zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata asilimia 54 ya kura lakini ikaambulia viti 13 dhidi ya 18 vya muungano wa Hizbu na ZPPP. Kinachosahauliwa ni kwamba katika miaka hiyohiyo vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyokuwa skuli ya kazi ya siasa kwa mtu asiyekuwa na mali wala ukoo wa kumbeba. Huko mtu alijifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, kukusanya ada na kukaa meza moja na mzungu mwenye kampuni na kumwambia hapana. Hata John Okello, aliyejitangaza kwenye redio kuwa Field Marshal baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, alikuwa amepitia chama cha wapaka rangi baada ya kuishi Pemba akifanya kazi za mikono.

Baada ya Mapinduzi, Moyo aliingia katika Baraza la Mapinduzi. Watu wa FPTU nao waliingia serikalini, Badawi akiwa mmoja wao. Mashirikisho mawili yaliyokuwa yakishindana yaliunganishwa kuwa shirikisho moja la kimapinduzi. Kwenye karatasi hicho ndicho walichokikosa baada ya 1948, yaani wafanyakazi wote wa Unguja na Pemba chini ya paa moja na viongozi wao ndani ya serikali. Lakini katikati ya miaka ya 1960 shirikisho hilo lilivunjwa, na kazi zake zikapewa idara ya wafanyakazi ya ASP.

Bara mambo yalikwenda kwa njia inayofanana. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la wafanyakazi la Tanganyika, TFL, mwaka 1955, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Februari 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa na ikaundwa NUTA iliyofungamana na TANU na serikali. Hoja iliyotolewa pande zote mbili za bahari ilikuwa moja: serikali sasa ni ya wafanyakazi na wakulima, kwa hivyo mfanyakazi atagoma dhidi ya nani?

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa watu waliokuwa wametoka kutawaliwa, na naamini wengi walioikubali waliikubali kwa moyo safi. Mzee wa gatini aliyemwona mwenzake wa mgomo amekuwa waziri alikuwa na haki ya kufurahi. Matokeo yake yalikuwa mengine. Mfanyakazi alipoteza chombo cha kudai, na kiongozi wake alipoteza kitu ambacho labda hakujua thamani yake wakati ule, nacho ni watu wanaomuweka yeye. Katibu wa chama cha wafanyakazi anawekwa na wanachama, na anaweza kumwambia rais hapana kwa sababu nyuma yake kuna watu waliomchagua na wanaolipa ada. Waziri anawekwa na rais. Siku idara ya chama ilipolichukua shirikisho, Moyo, Badawi na wenzao wote waliotokea huko wakabaki na vyeo tu.

Na vyeo vya zama zile vilikuwa na hatari. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, wote mawaziri wa serikali ya mwanzo ya Mapinduzi, waliuawa mwaka 1969. Saleh Saadalla na Abdul Aziz Twala nao waliuliwa. Baada ya Karume kuuawa Aprili 7, 1972, watu wa Umma Party walikamatwa kwa wingi, na Badawi alikuwa miongoni mwao. Hapa ndipo njia za viongozi wawili wa wafanyakazi zinapoachana kabisa. Badawi alitiwa ndani. Moyo alibaki serikalini, akaendelea na uwaziri, na ASP na TANU zilipoungana Februari 5, 1977 akawa mmoja wa wakongwe wa CCM.

Sitaki kulipita hili haraka kwa sababu ya heshima ninayompa mzee huyu. Moyo alikuwa ndani ya Baraza la Mapinduzi katika miaka ambayo wenzake walipotea, na watu waliopoteza baba zao bado wanaishi Unguja na Pemba. Anayeandika maisha yake kama safari ya shujaa tangu mwanzo hadi mwisho anawakosea watu hao. Mtu aliyebaki ndani ya mfumo ule alibaki kwa kunyamaza juu ya mambo mengi, na ukimya wa mtu aliyekuwa mpiganaji wa haki za wafanyakazi una uzito wake. Pia ni haki kuuliza angesemea wapi. Chama cha wafanyakazi hakikuwapo tena. Uchaguzi wa vyama vingi haukuwapo, wala gazeti huru.

Miaka ya katikati nitaipita. Mtu alikuwa waziri, akastaafu, akarudi mtaani. Mwaka 1978 ilikuja JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi chini ya CCM, ikawaweka wafanyakazi wa Bara na Visiwani katika chombo kimoja cha chama. Mageuzi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyofungua mlango wa vyama huru. Leo Zanzibar ina shirikisho lake, ZATUC, na sheria zake za kazi za mwaka 2005, ile ya Ajira namba 11 na ile ya Mahusiano Kazini namba 1. Kwa kizazi cha Moyo hayo yalikuja wakati nywele zimekwisha kuwa nyeupe.

Sehemu ya pili ya kisa inaanza uzeeni. Zanzibar ilikuwa imechoka. Uchaguzi wa 1995 ulileta mgogoro, wa 2000 ukaleta mgogoro, na Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano, wengi wao Pemba, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa kwanza, yaani makubaliano kati ya CCM na CUF, ulitiwa saini Juni 1999 na wa pili Oktoba 2001. Mazungumzo ya tatu yalikwama Butiama Machi 2008. Mazungumzo yote hayo yalikuwa kati ya vyama viwili, na yalipokwama kila upande ulirudi kwa wanachama wake kuwaeleza ubaya wa mwenzake.

Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, Zanzibar. Maridhiano hayo yalisimamiwa na kamati ya watu sita, yaani Kamati ya Maridhiano, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Moyo. Kutoka upande wa CCM alikuwapo pia Mansour Yussuf Himid, ambaye baba yake, Yussuf Himid, alikuwa katika Kamati ya Watu 14 ya Mapinduzi. Wengine walikuwa Eddy Riyami, na kutoka CUF Abubakar Khamis Bakary, Ismail Jussa na Salim Bimani. Ukiyatazama majina hayo, unaona watoto wa pande mbili za Januari 1964 wamekaa pamoja, na anayewaongoza ni mtu aliyekuwapo mwenyewe.

Kwa nini yeye? Wengi hujibu kwamba ni kwa sababu ya umri na heshima. Ni kweli, lakini wazee wenye heshima walikuwa wengi. Naona kuna jambo la pili. Ukiyatazama maridhiano yale kwa jicho la mtu wa vyama vya wafanyakazi, utaiona kazi ya mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi na mwajiri hujadiliana na kutiliana saini. Hakuna upande uliotakiwa kumpenda mwenzake wala kukiri makosa ya 1964 au ya 2001. Kilichotafutwa ni kila upande unahitaji nini ili uweze kurudi kazini kesho. CCM ilihitaji kuendelea kuongoza bila nusu ya nchi kuikana. CUF ilihitaji sehemu ya madaraka inayolindwa kisheria badala ya ahadi. Makubaliano yalipofikiwa hayakuachwa kwenye saini za makatibu wakuu kama miafaka iliyotangulia. Yalipelekwa kwa wananchi wenyewe katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti yakaingizwa katika Katiba ya Zanzibar. Chama cha wafanyakazi kilicho imara hufanya hivyo hivyo: viongozi wanajadiliana, lakini wanachama ndio wanaopiga kura, na baada ya hapo mkataba unamfunga kila mtu, pamoja na asiyeupenda.

Novemba 2010 serikali ya umoja wa kitaifa ikaundwa, Dk. Ali Mohamed Shein akiwa Rais na Maalim Seif Makamu wa Kwanza. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita bila damu. Aliyekuwa Zanzibar siku zile anajua ukubwa wa jambo hilo. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu 1995 walipeana mikono.

Moyo angeweza kuishia hapo, akazikwa siku moja na bendera ya chama juu ya jeneza. Lakini ulipokuja mchakato wa Katiba mpya ya Tanzania, yeye na wenzake wa kamati walisimama upande wa Muungano wa mkataba, ambao Zanzibar ingekuwa na mamlaka yake kamili na kisha ikakubaliana na Tanganyika juu ya mambo ya kushirikiana. Hapo akagusa kile ambacho CCM haijawahi kukisamehe kwa kiongozi wa Zanzibar. Rais wa Zanzibar Aboud Jumbe alijiuzulu Januari 1984 baada ya kuibuliwa suala la muundo wa Muungano. Maalim Seif na wenzake walifukuzwa mwaka 1988. Mansour alifukuzwa Agosti 2013, na Moyo akafuata Aprili 2015. Watu hawa hawakuwa na tabia moja wala historia moja, na Jumbe na Seif waliwahi kuwa mahasimu. Wanachoshirikiana ni suala walilolisema na adhabu waliyopata.

Kuna anayesema Moyo alikosea kwa kupanda majukwaa ya CUF, kwamba mpatanishi akishavaa rangi ya upande mmoja hawezi tena kupatanisha. Hoja hii naichukua kwa uzito. Mwaka 2015 Zanzibar ilikuwa na haja ya mzee anayesikilizwa Kisiwandui, kwenye ofisi kuu ya CCM, na Mtendeni, kwenye ofisi kuu ya CUF, kwa pamoja, na baada ya Aprili mzee huyo hakuwapo tena. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufuta uchaguzi uliofanyika siku tatu nyuma. Hakukuwa na kamati ya watu sita ya kuitwa, maana wajumbe wake waliotokea CCM walikuwa wamekwisha kusukumwa nje. Machi 20, 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF ikasusia, na serikali ya umoja ikafa wakati vifungu vyake bado vimo ndani ya Katiba.

Lakini lawama kubwa zaidi siiweki kwake. Chama kilichotaka mpatanishi kilipaswa kumvumilia hata anaposema yasiyokipendeza, na hapa naona kosa la miaka ya 1960 likirudi. Wakati ule shirikisho la wafanyakazi lilivunjwa kwa hoja kwamba nje ya chama hakuna haja ya sauti nyengine ya mfanyakazi. Mwaka 2015 mzee alifukuzwa kwa sababu alisema kwa sauti yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza alikuwa kijana mwenye cheo cha kupoteza, na alinyamaza. Mara ya pili hakuwa na cheo. Uhuru aliokuwa nao alipokuwa mtu wa wafanyakazi aliupata tena siku alipokuwa hana alichobakishiwa na mtu yeyote.

Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa leo, wa mahoteli ya Nungwi na Paje, wa bandari ya Malindi, walimu na wauguzi, wanalo la kuchukua hapa. Wapo watakaogombea uwakilishi au udiwani, na ni haki yao. Anayekwenda huko auache uongozi wa chama mikononi mwa mwengine, na chama kibaki na ada zake, ofisi yake na haki yake ya kumgomea hata yeye akiwa waziri. Naamini ZPFL na FPTU zingebaki hivyo baada ya 1964, mfanyakazi wa Zanzibar angekuwa na mahali pa kusimama, na huenda baadhi ya waliopotea wangekuwa na watu wa kuwaulizia.

Mzee Moyo alifariki Agosti 2020. Desemba mwaka huo Maalim Seif, sasa akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, alikubali tena kuingia serikali ya umoja chini ya Dk. Hussein Mwinyi, kwa vifungu vilevile vya 2010. Seif alifariki Februari 17, 2021, na nafasi ya Makamu wa Kwanza ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar hadi alipoondolewa Oktoba 2014, siku chache baada ya kupiga kura ya hapana katika Bunge Maalumu la Katiba.